Mshitaki Asiwe Hakimu

Hemedi alikuwa mtu wa treni. Alichochea moto katika gari-moshi linalotoka Lubunga kwenda Ubundu, kilomita mia moja ishirini na tano za msitu. Alfajiri alitembea kutoka mtaa wake wa Mangobo mpaka mtoni, akapanda mtumbwi, akavuka kwenda ng'ambo ya kushoto ambako stesheni ya Lubunga ilikuwa. Alirudi kesho yake jioni, mwili mzima umejaa masizi.

Mke wake, Kadidja, alimwekea ndoo ya maji ya moto na kipande cha sabuni ya mawese nyuma ya nyumba. Binti yao Nyota, wa miaka tisa, alimcheka.

"Papa iko makaa," alisema.

"Makaa inalisha batu," Hemedi alijibu, akamshika pua kwa vidole vyeusi.

Walikuwa Waislamu wa Kisangani wa tangu zamani. Bibi yake Kadidja aliletwa mji huu akiwa msichana mdogo, wakati wa misafara ya pembe, kamba shingoni. Baadaye aliolewa, akazaa, akazikwa hapa. Nyumbani kwao habari hiyo ilijulikana, lakini haikuzungumzwa mbele ya wageni.

Mwaka 1960 uhuru ulikuja. Watu wa Mangobo walicheza siku tatu. Waliambiwa kwamba serikali sasa ni yao. Hakuna aliyewaeleza mtu anaishikaje serikali ambayo ni yake. Mwaka 1964, mwezi wa nane, waasi waliteka mji. Walitaka treni iendelee kutembea, na Hemedi aliendelea kutupa kuni, mtu mwenye mkuki akiwa nyuma ya mgongo wake. Mwezi wa kumi na moja, ndege za Wamarekani zilishusha askari wa Ubelgiji, na jeshi la serikali likaingia pia. Siku hiyo Hemedi alikuwa ng'ambo ya kushoto. Waasi walikuwa bado upande ule, na mitumbwi ilikatazwa kuvuka. Alikaa huko wiki saba. Aliporudi alikuwa amekonda, hata Nyota hakumtambua upesi.

Alilala nyumbani siku nne tu. Siku ya tano, saa mbili ya asubuhi, Arthur alikuja na askari wawili.

Arthur aliishi Mangobo kama wao. Zamani alipima magunia sokoni. Jeshi lilipoingia, kapiteni alihitaji mtu anayejua watu wa kartie, yaani mtaa ule, akamfanya Arthur mkuu wa usalama. Alimpa daftari ya majina, muhuri, na ufunguo wa depo ya zamani ya pamba ambayo sasa ilikuwa jela.

"Hemedi," Arthur alisema, "juu ya nini ulibakia ng'ambo pamoja na waasi?"

"Papa Arthur, mutumbwi haikukuwa. Ningevuka na miguu?"

"Alexis, fundi ya nguo, alikuona ukiteremuka katika treni pamoja nao. Alitia jina yake kwa karatasi."

"Alexis aliniona wapi? Yeye iko huku, miye nilikuwa kule."

"Bon. Utaeleza mbele."

"Nitaeleza kwa nani?"

"Kwangu," Arthur alisema.

Askari wakamshika mikono. Hemedi hakupigana. Alimwambia Kadidja amalizie paa la kibanda cha kuku, kwa sababu mvua ilikuwa karibu. Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwake.

Tangu siku hiyo Kadidja alikuwa na kazi mpya. Kila asubuhi alipika lituma, yaani ndizi zilizotwangwa, na pondu kidogo, majani ya muhogo. Alifunga chakula katika majani, akatembea saa nzima mpaka depo. Kwenye lango walisimama wanawake wengi na mafungu yao ya majani. Mlinzi alichukua fungu, akauliza jina, akaingia ndani. Wanawake hawakuruhusiwa kuwaona waume zao.

"Hemedi iko namna gani?" Kadidja aliuliza kila siku.

"Iko muzima."

"Wamemuuliza maneno?"

"Bado. Batu ni wengi."

Wiki tatu zilipita hivyo. Kisha mlinzi mwingine alisimama langoni. Kadidja alitaja jina. Mlinzi alitazama orodha yake muda mrefu, akamrudishia fungu la chakula.

"Mama, kesho usilete tena."

"Wamemupeleka wapi?"

"Alikufa. Kuhara. Wengi walikufa na ile kuhara, maji ya ndani ni mubaya."

"Alikufa leo?"

Mlinzi alitazama karatasi tena. "Siku nane zimepita."

Kadidja alibaki amesimama. Alihesabu kwa vidole, polepole, kama mtu anayehakikisha jambo dogo. Mafungu manane. Kila siku mtu alichukua fungu na kumwambia kwamba Hemedi ni mzima.

"Na chakula, nani alikula?"

Mlinzi alimwonyesha mwanamke wa nyuma asogee.

Kaburi halikuwapo. Maiti walizikwa pamoja nyuma ya depo, na hapo askari hawakumruhusu mtu kupita. Kadidja alikwenda kwa Arthur. Alimkuta anakunywa chai.

"Mume wangu alikuwa na kosa gani?" aliuliza.

"Kesi yake haikufika bado," Arthur alisema. "Nilikuwa nitamuuliza."

Basi Hemedi alikufa kabla ya kuulizwa neno moja.

Baada ya hapo Kadidja aliacha mambo mengi. Hakwenda sokoni. Paa la kibanda cha kuku lilianguka kwa mvua, na hakuliinua. Nyota alijifunza kupika mwenyewe. Majirani walileta chakula, wakakaa kidogo, wakaondoka, kwa maana kila nyumba ilikuwa na mtu aliyepotea au aliyekufa, na maneno ya kufariji yalikuwa yamekwisha.

Jirani mmoja alizidi kuja. Jina lake Faustin, mtu wa Maniema. Alikuwa mwalimu wa historia katika shule ya misioni. Shule ilifungwa wakati wa vita, na sasa alitengeneza baiskeli mbele ya nyumba yake. Arobaini ya Hemedi ilipofika, Faustin alikuja kusaidia kubeba viti. Watu walipokwisha kuondoka, alibaki. Kadidja akamuuliza jambo lililokuwa kifuani mwake.

"Mwalimu, weye ulisoma. Arthur si mufalme. Si hata soldat ya jeshi. Alipima magunia kama batu wengine. Namna gani mutu moja kama yeye aliweza kumaliza bwana yangu?"

Faustin alifikiri. "Mama Kadidja, nani alimushitaki Hemedi?"

"Arthur."

"Nani alipaswa kuhukumu?"

"Arthur."

"Nani alishika ufunguo?"

"Arthur."

"Donc, kazi tatu, mutu moja. Hapo hata mutu muzuri anaweza kuharibika. Na Arthur hakukuwa muzuri sana tangu mbele."

Aliondoka, akarudi na daftari iliyofungwa katika kipande cha mpira wa baiskeli. Ilinuka udongo na mavi ya kuku. Wakati wa waasi, mtu aliyekutwa na maandishi juu ya Amerika aliweza kuuawa mara moja. Faustin alikuwa ameizika chini ya kibanda cha kuku miezi mitatu.

"Hii nilifundisha batoto mwaka ya sita," alisema. "Namna Wamarekani walijenga serikali yao."

Uso wa Kadidja ulikunjamana. "Wamarekani? Ndege zao ndiyo zilileta hawa batu walimupa Arthur ufunguo. Usiniletee Wamarekani katika nyumba ya matanga."

"Ni kweli. Sikuletei ndege zao. Ninaleta swali walijiuliza zamani, sababu swali yao iko sawa na yako."

Kadidja hakumfukuza, na Faustin akaendelea.

Alimwambia kwamba zamani Wamarekani walikuwa watu wa koloni, kama Wakongo. Koloni zilikuwa kumi na tatu, kandokando ya bahari. Mfalme wao alikaa Uingereza, ng'ambo ya maji. Yeye na baraza lake walitoza kodi juu ya karatasi na juu ya chai, na katika baraza hilo hakukuwa na hata mtu mmoja kutoka koloni. Waamuzi walikuwa watu wa mfalme. Alitaka waondoke, wakaondoka. Alitaka wakae, wakakaa.

"Kama Arthur," Kadidja alisema.

"Kama Arthur na koti ya manyoya. Basi mwaka 1776 waliandika barua. Walisema kwamba batu bote wanazaliwa sawasawa. Walisema uzima na uhuru ya mutu si zawadi ya mufalme. Na serikali, walisema, inapata nguvu yake kwa kukubaliwa na batu inaowaongoza. Kama inawatesa, batu wana haki ya kuibadilisha. Wakapigana miaka mingi, wakashinda."

"Na sisi tulipata uhuru. Ona."

"Na wao pia walivurugika, mama. Mbele kila jimbo ilijifanyia yake. Serikali ya katikati haikukuwa na nguvu hata ya kulipa soldats. Mwaka 1787 wakatuma batu katika mji ya Philadelphia. Walikaa ndani ya nyumba moja miezi ine, katika joto, wanabishana. Waliogopa vitu viwili. Serikali zaifu haiwezi kulinda mutu. Serikali ya nguvu sana inaweza kumumeza. Alors, wakagawa kazi."

Faustin alichukua vikombe vitatu vilivyobaki kwenye mkeka, akavitenga, akigusa kimoja kimoja.

"Hawa wanatunga sheria. Raia wanawachagua, na kila jimbo ina batu yake ndani. Huyu, prezida, anatimiza sheria. Anakaa miaka ine, kisha raia wanachagua tena. Na hawa ni waamuzi. Mutunga sheria hawezi kufunga mutu. Prezida hawezi kuhukumu. Mwamuzi hana soldats. Kila moja anaweza kumuzuia mwenzake. Wakaandika yote katika karatasi moja kubwa, na prezida mwenyewe iko chini ya ile karatasi."

"Na mutu mudogo?"

"Hiyo ndiyo raia waliuliza. Walisema, karatasi hii haitulindi sisi. Basi kisha miaka ine wakaongeza maneno kumi. Mutu aseme na asali anavyotaka. Nyumba yake isiingiliwe ovyo. Na yule anashitakiwa aambiwe kosa yake. Aone uso ya mushahidi. Ahukumiwe upesi, mbele ya batu, na majirani kumi na wawili ndio waseme kama ana kosa ao hapana. Hata hiyo hawakuibuni wenyewe. Waingereza walimulazimisha mufalme moja kutia muhuri kwamba mutu huru asikamatwe bila sheria. Hiyo ni mwaka 1215."

Kadidja akauliza, "Wale waliandika batu bote iko sawa. Walikuwa na watumwa?"

"Ndiyo," Faustin alisema. "Wengi wao."

"Bibi yangu aliletwa hapa na kamba. Basi walisema uongo."

"Waliandika ukweli na wakaishi uongo. Watumwa hawakuhesabiwa, wanawake hawakuhesabiwa, wenye inchi ya tangu zamani walifukuzwa. Miaka karibu mia ilipita na vita kubwa kabla ya utumwa kukatazwa. Na hata leo batu weusi kule wanapigwa sababu wanaomba kuchagua. Sikufichi. Lakini mama, wale weusi wanashika ile karatasi, wanasema, hapa mumeandika bote. Wanaishika hivi mbele ya uso ya bale wanawapiga."

Kadidja alitazama vikombe. "Alors sisi tufanye nini?"

Faustin alifunga daftari. Alionekana mzee ghafla. "Sijui. Miaka kumi nimejua maneno hii. Walipomukamata Hemedi nilikuwa ndani ya nyumba, nasikia. Sikutoka."

Alikwenda zake bila kuaga.

Siku tatu Kadidja hakutoka nyumbani. Siku ya nne alifunga kitambaa, akaenda kwenye lango la depo bila chakula. Aliwafuata wanawake mmoja mmoja katika mstari. Hakuwaambia habari za Amerika. Aliwauliza kila mmoja maswali yale yale matatu: nani alimshitaki mume wako, nani atamhukumu, nani anashika ufunguo. Kila mmoja alijibu jina lile lile, mara tatu.

Wanawake tisa walikubali kwenda kwa kapiteni. Wengine walikataa, na Kadidja hakuwalaumu. Faustin aliandika barua kwa Kifaransa, ukurasa mmoja. Aliiandika mara mbili. Alikwenda nao.

Kapiteni alikuwa mgeni katika mji, mgonjwa wa malaria, koti limefungwa mpaka shingoni ingawa kulikuwa na jua. Alisoma barua.

"Munataka niwafungue waasi?"

"Hapana," Kadidja alisema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Mwenye kosa aadhibiwe. Tunaomba tu mutu aambiwe kosa yake mbele ya batu, na yule anamushitaki asiwe yule anamuhukumu. Bwana yangu alikufa bila kuulizwa kitu. Miye sina mutu wa kuomba tena. Ninasema kwa hawa wengine."

"Alifanya kazi gani?"

"Muchochea moto ya treni."

Kapiteni alimtazama. Kisha akamtazama karani wake. "Wiki mbili natafuta wachochea moto. Treni imesimama, chakula ya soldats iko Ubundu. Iko wangapi katika depo?"

Karani alitafuta. "Tano, mon capitaine. Moja amekufa."

Haikuwa huruma iliyomfanya atie sahihi chini ya maombi ya barua ile. Kadidja alilijua hilo wakati ule ule. Alitia sahihi kwa sababu treni ilisimama, na kwa sababu orodha za Arthur zilimchosha. Lakini alitia. Kwa mwezi mmoja, katika kartie ile tu, Arthur angeweza kushitaki, lakini hangehukumu. Ufunguo ulipewa sajini. Majirani kumi na wawili wangesikiliza kila kesi, wanaume na wanawake, wamechaguliwa kwa kuchota majina. Ndugu wa mshitakiwa hangekuwamo, wala adui wake. Watu wa depo wangepewa maji yaliyochemshwa, na jamaa zao wangewaona kwa macho.

Kabla kesi za depo hazijaanza, Arthur alileta jina jipya. Alitaka kuonyesha kwamba yeye bado ni yeye. Jina lilikuwa la Alexis, fundi wa nguo. Alisema Alexis aliwashonea waasi mavazi kwa hiari yake, na akalipwa nyama. Sajini alimfunga Alexis siku ile ile.

Jioni Philomène, mke wa Alexis, alikuja kwa Kadidja. Hakuingia. Alisimama nje, mtoto mgongoni.

"Mama Kadidja, unajua ile siku. Ulikuwa unapita na maji. Uliona."

Kadidja alikuwa ameona. Mwezi wa kumi, wakati wa waasi, alipita mbele ya nyumba ya Alexis na ndoo kichwani. Alexis alikuwa kwenye cherehani, na mtu mwenye bunduki aliketi juu ya meza, mdomo wa bunduki umelala juu ya kitambaa. Sindano ilikuwa imempita Alexis kwenye kidole gumba. Damu ilikuwa juu ya nguo, naye alishona tu. Hakuna mwingine aliyekuwa njiani.

"Bwana yako alitia jina yake juu ya kifo ya bwana yangu," Kadidja alisema.

"Najua," Philomène alisema.

"Basi rudi kwako."

Philomène alirudi. Kadidja alikwenda mpaka kwa Faustin, akamkuta anaziba mpira.

"Nikinyamaza," alisema, "niko na kosa?"

"Hakuna mutu anaweza kukulazimisha."

"Sikuulizi hiyo."

Faustin aliweka chini kipande cha mpira. "Mama, miye niliogopa, na siwezi kukufundisha moyo. Ninajua kitu moja tu. Kama ile sheria inalinda tu bale tunapenda, si sheria. Ni Arthur mwingine. Arthur na jina yetu."

Kadidja alikasirika. Alirudi nyumbani, akamgombeza Nyota bila sababu, kisha akalia, mara ya kwanza tangu arobaini.

Jumapili asubuhi watu walikusanyika katika darasa la shule iliyofungwa. Madirisha hayakuwa na vioo. Majina yalitiwa ndani ya sufuria, na mtoto wa shule akachota kumi na mawili. Jina la Kadidja lilitoka. Alisimama, akasema, "Huyu mutu ni adui yangu. Chota ingine." Wakachota jingine.

Faustin alisoma kanuni kwa sauti. Arthur akasimama na kusema shitaka lake, kwa urefu na bila woga. Mzee mmoja kati ya kumi na wawili akamuuliza, "Nani aliona?"

"Batu wanajua."

"Nani? Aje aseme mbele yake."

Arthur alitazama watu. Hakuna aliyesimama. Mzee akauliza kama kuna aliyeona jambo lolote siku ile. Philomène alikuwa ameinamisha kichwa. Kadidja akasimama.

"Miye niliona," alisema. Akaeleza: ndoo, meza, bunduki, kidole. "Mutu anashona na sindano ndani ya kidole, hakushona kwa kupenda."

Alexis aliinua mkono. Kovu lilikuwapo, jeusi, katikati ya ukucha.

Kadidja hakukaa. "Nina swali moja. Alexis, weye ulimuona Hemedi akiteremuka pamoja na waasi?"

Alexis alitazama chini.

"Sikumuona," alisema. "Karatasi ilikuja imeandikwa. Arthur alisema, tia jina yako, ao nitaandika yako katika daftari. Nilitia."

Arthur alianza kusema, na watu wote wakaanza kusema pamoja, mpaka sajini akagonga ukuta. Kumi na wawili walitoka nje, wakaketi nyuma ya darasa. Walikuwa wamekubaliana kwamba lazima wote wawe na neno moja. Mwanamke mmoja, ambaye waasi walimwulia kaka, hakutaka kumwachilia mtu yeyote aliyewashonea. Walibaki naye mpaka jua likawa kichwani. Mwishowe akakubali, akilia. Wakarudi, wakasema kwamba Alexis hana kosa la kuwasaidia waasi. Kwa karatasi ya uongo, wakasema, atachota maji ya wafungwa wa depo na kuyachemsha kila siku, mpaka mtu wa mwisho atoke.

Mwezi ule kumi na wawili walikaa mara kumi na moja. Sheria ilikuwa ileile, lakini majirani walikuwa wengine kila mara. Katika orodha ya depo kulikuwa na majina thelathini na tisa ya kartie yao. Kumi walikuwa wamekwisha kufa. Watatu walionekana kuwa na damu ya watu mikononi, wakapelekwa mbele ya waamuzi wa mji. Ishirini na sita walirudi nyumbani, na kati yao wachochea moto wanne. Tangu maji yalipoanza kuchemshwa, hakuna aliyekufa tena kwa kuhara.

Hayo ndiyo yaliyopatikana. Arthur hakuadhibiwa. Alihamishwa, na katika kartie nyingine alipewa tena daftari na muhuri. Kapiteni aliondoka mwishoni mwa mwezi, na aliyemfuata hakutia sahihi. Mwaka uliofuata askari waliasi mjini, na mwaka mwingine tena, na siku hizo mwenye bunduki hakuulizwa neno na mtu. Ila watu wa kartie ile waliendelea kukaa kumi na wawili kwa ugomvi wao wenyewe, wa mipaka, wa wizi, wa masingizio. Mwenye kushitaki alikaa upande wake, na wanaoamua walikaa upande mwingine. Watoto wao walikua wakiamini kwamba ndivyo kesi inavyokuwa kila mahali.

Siku mtu wa mwisho alipotoka depo, Alexis alikuja kwa Kadidja. Nguo zake zilinuka moshi wa kuni za maji. Alisimama mlangoni.

"Mama Kadidja, ninaomba unisamehe."

Kadidja alikuwa anachambua pondu. Ng'ambo ya barabara wanawake walikuwa wakishangilia mtu aliyerudi, na mmoja wao alipiga sufuria kwa kijiko.

"Ile ya kusamehe sijafika," alisema. "Sijui kama nitafika. Lakini wakikushitaki tena, nitakuja kusema nilichoona."

Alexis alisubiri kidogo. Alipoona hakuna neno jingine, alivuka barabara, akaenda nyumbani kwake, ambako mke wake na mtoto walikuwa wanamngoja ili wale pamoja.